Tovuti Iliyosubiri Mkasi

Nchi yetu ipo. Nalisema hili bila kusitasita kwa sababu nchi yetu ilizinduliwa, tena kwa mizinga, na mwenye kubisha aende mpakani akasome bamba la marumaru. Jina lake mnisamehe nisilitaje. Kulitaja kunahitaji kibali, na mtia saini wa vibali yuko safarini, kuna mahali anazindua kitu.

Sheria yetu kuu ni fupi, hata mtoto wa chekechea anaikariri: kisichozinduliwa hakipo. Daraja la Mto Kihuruhuru lilikamilika zamani, zege limekauka mpaka limeanza kuzeeka, na wananchi wanavuka mto kwa kuogelea chini yake huku wakilitazama kwa matumaini. Bomba la sokoni limeviringishiwa shuka. Akina mama hulipita na ndoo zao wakielekea kisimani, na wakisikia maji yanatiririka ndani ya shuka, hujifanya hawajasikia. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na serikali yetu iliwaelewa wahenga kuliko walivyojielewa wenyewe.

Kazi nzito namna hii haiwezi kukosa wizara. Ipo Wizara ya Uzinduzi, chini ya Mheshimiwa Balozi Mstaafu Daktari wa Heshima Fulgensi Makwinya. Chini yake yupo Mkurugenzi wa Utepe, Bwana Shaweji, mtu mwembamba, mpole, anayelala na futi ya kupimia utepe chini ya mto. Chini ya Bwana Shaweji nipo mimi, mshereheshaji. Kazi yangu ni kushika kipaza sauti na kufurahi.

Sasa nisikilizeni jinsi binti mmoja alivyotaka kutuharibia nchi.

Binti huyo anaitwa Skolastika Mtepa, wa mji wa Ndururuma. Ni mbunifu wa tovuti. Baba yake, Mzee Mtepa, ni fundi cherehani, na ana kisukari cha kuchoma sindano ya insulini kila siku. Insulini katika zahanati za Ndururuma ni kama jamaa wa mbali: huja bila taarifa na kuondoka bila kuaga. Mzee akienda zahanati ya Mtakuja anaambiwa imeisha jana, jaribu Kichangani. Kichangani wanamwambia asubuhi ilikuwepo, hebu jaribu Songambele. Akifika Songambele miguu imevimba, macho yanaona ukungu, na mhudumu anafunga dirisha.

Skola aliumia. Mtu mwingine angeandika barua kwa mkuu wa wilaya, akasubiri, akazeeka kwa amani. Yeye akatengeneza tovuti.

Aliitengenezea kwenye kompyuta iliyotupwa na ofisi moja kwa kosa la uzee. Akaifuta yote, akaiwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao haumuulizi mtu wala mashine umri. Alama za zahanati alizichora kwa Inkscape, picha akazisafisha kwa GIMP, na kurasa zenyewe akaziandika kwa mkono katika programu ya kuandikia maandishi matupu. Baba yake alimuuliza vitu vyote hivyo kavitoa wapi.

"Ni programu huria, baba. Unapewa. Unaruhusiwa kuifungua uone ilivyotengenezwa, uibadilishe, halafu umpe jirani."

"Kumbe ni kama mshono wa gauni," Mzee alisema. "Mtu anauona kanisani, anauiga, anapunguza kiuno. Nani anauliza?"

"Hakuna anayeuliza."

Tovuti ilikuwa nyepesi, inafunguka hata kwenye simu iliyopasuka kioo. Kila asubuhi mhudumu wa zahanati anabonyeza: kijani, insulini ipo; nyekundu, haipo. Siku ya kwanza Mzee Mtepa alitazama simu, akaona Kichangani kijani, akaenda moja kwa moja, akarudi nyumbani chai haijapoa. Wagonjwa wengine wakafanya vivyo hivyo. Kwa ufupi, uhalifu ulikuwa umeanza.

Bwana Shaweji alifika na mimi nikiwa nyuma yake, na askari mmoja akabaki mlangoni. Tulimkuta Skola mezani, na Mzee Mtepa pembeni akikanyaga cherehani.

"Binti," alianza Bwana Shaweji, "hii tovuti imezinduliwa na nani?"

"Haijazinduliwa, mzee. Inatumika tu."

Bwana Shaweji alitafuta kiti. Akaomba maji ya kunywa, akayanywa yote. "Inatumika tu," alirudia, kama mtu aliyeambiwa matokeo ya kipimo kibaya.

"Watu wanapata dawa," Skola alisema.

"Wanaonyeshwa dawa na kitu ambacho hakipo. Unajua jambo hilo linaitwaje? Linaitwa uchawi. Na tuna sheria ya uchawi."

Kwa kuwa ni mtu wa huruma, hakumkamata. Alimtaka tu aufunike ukurasa kwa utepe. Skola akamtazama baba yake, kisha akamtazama askari aliyekuwa mlangoni, akafungua Inkscape na kuchora utepe mwekundu, umelala mshazari juu ya ukurasa mzima. Bwana Shaweji alisimama nyuma ya bega lake akielekeza. Fundo lipande kidogo. Ung'ae kama hariri. Kivuli kiwe upande wa kushoto, kwa sababu uzinduzi hufanyika asubuhi. Ulipokamilika, aliusogeza ukurasa juu na chini, juu na chini, akaona utepe haubanduki hata kidogo.

"Utepe mtiifu," alisema. Chini yake yakaandikwa maneno INASUBIRI MGENI RASMI, na rangi za kijani na nyekundu hazikuonekana tena.

"Mpaka lini?" Skola aliuliza.

"Mheshimiwa ana foleni. Kuna daraja, kuna bomba, kuna banda la kuku la shule ya sekondari. Tuwe na subira, binti. Haraka haraka haina baraka."

Mzee Mtepa hakuinua kichwa kutoka kwenye cherehani. "Na ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu. Tumbo lenyewe ndilo hili langu linalochomwa sindano."

Bwana Shaweji alimwambia kauli yake imepokelewa.

Kamati ya Maandalizi ilikaa, ikala, ikagundua jambo la kutisha: tovuti ilikuwa imejengwa bila jiwe la msingi. Na kanuni ziko wazi, huwezi kuzindua kitu ambacho hukukiwekea jiwe. Mheshimiwa Makwinya alikuja Ndururuma mwenyewe kuokoa hali. Msafara ulijaa mtaa mzima, kuku wa watu wakapanda juu ya paa.

Aliingia chumbani kwa Skola, akaitazama kompyuta. Juu ya kifuniko chake palikuwa na picha ndogo ya ndege mnene, mgongo mweusi, tumbo jeupe, amekaa kama aliyeshiba kwenye harusi.

"Ndege huyu ni wa chama gani?"

Lazima mjue kwamba kwetu kila ndege ana chama. Kware ni wa chama tawala, korongo ni wa wapinzani, na bundi waliachiwa wagombea binafsi. Ndege asiye na chama hatujapata kumwona.

"Si wa chama, Mheshimiwa," Skola alijibu. "Ni pengwini. Ni nembo ya Linux."

"Hiyo Linux ina wanachama wangapi?"

"Wanaoitumia ni mamilioni, dunia nzima."

Mheshimiwa aligeuka kuhakikisha walinzi wapo. "Na mwenyekiti wao?"

"Hawana mwenyekiti wa kumwomba ruhusa. Yeyote anaweza kuisoma, kuibadilisha na kuigawa."

"Yeyote?"

"Yeyote."

"Bila kibali?"

"Bila kibali. Hata serikali inaruhusiwa, Mheshimiwa."

Mheshimiwa alijaribu kujua kama ametukanwa au amekaribishwa. Mwishowe aliagiza yule ndege avishwe skafu ya chama tawala mara moja, na Skola akamchorea skafu. Hapo ndipo wote tulipopumua.

Likaja suala la jiwe. Lilikuwa jiwe la marumaru, zuri, zito, limechongwa jina la Mheshimiwa kwa herufi kubwa na neno "tovuti" kwa herufi ndogo. Walihitajika vijana wenye vifua kulibeba.

"Liwekwe wapi?" Mheshimiwa aliuliza.

"Chini ya meza tu, Mheshimiwa," Skola alisema haraka.

"Chini ya meza ni sakafu ya nyumba. Mimi siweki jiwe la nyumba. Msingi wa tovuti ni nini?"

Mhandisi wa Kamati, mtu mwenye shahada kadhaa, alikohoa akajibu kwamba msingi wa tovuti ni kompyuta.

Basi jiwe likawekwa juu ya kompyuta. Ile kompyuta ilipokea heshima hiyo kwa mlio mmoja mfupi, ikazimika. Mheshimiwa alihutubia. "Ndugu wananchi," alisema, "wenzetu walioendelea wana tovuti zinazoelea hewani. Sisi, kuanzia leo, tovuti yetu ina uzito!" Nilitangaza vigelegele, navyo vikapigwa. Nilimwona Skola akiwa amekunja mikono. Hakupiga.

Siku zilizofuata nitazieleza kwa kifupi kwa sababu hazikuwa na sherehe. Mzee Mtepa aliishiwa dawa. Alikwenda Mtakuja, akaambiwa ajaribu Kichangani. Alipotoka Kichangani hakuwa na nguvu ya kuulizia zahanati ya tatu, akaanguka getini, uso kwenye vumbi, na msamaria mmoja akamrudisha nyumbani kwenye mkokoteni wa matofali. Dawa ilipatikana kwa jirani aliyekuwa na chupa ya akiba. Mimi nilipita pale kwa shughuli za kiserikali nikamwona amelala mkekani, midomo imekauka, anaomba maji, akiletewa anaomba mengine. Iliniuma. Nasema iliniuma, na kama kuumwa kwa mshereheshaji kunahitaji kibali, basi nitakiomba baadaye.

Skola alikaa na baba yake mpaka alipopata usingizi. Kisha akanawa uso, akaenda kuokota kompyuta nyingine iliyotupwa, akaiwekea Linux, na kazi yake yote akaikuta salama. Watu hawa wa programu huria wana desturi moja mbaya sana kwa usalama wa taifa: wakitengeneza kitu, wanakiweka hadharani chote, matumbo nje, kila apitaye aangalie na achukue. Kazi ya Skola ilikuwa imehifadhiwa kwa marafiki zake katika miji kadhaa. Safari hii aliitangaza kabisa: anayeitaka aichukue.

Aliyeichukua wa kwanza alikuwa kinyozi mmoja wa Ndururuma, katibu wa mashabiki wa kandanda. Naye akaibadilisha kama alivyoruhusiwa. Rangi akaziondoa, akaweka matokeo ya mechi.

Hapo ndipo nchi yetu ilipopata ligi mpya. Kila asubuhi simu za watu zilionyesha: Kichangani 1, Mtakuja 0. Songambele 1, Kichangani 0. Bwana Shaweji aliikagua tovuti ile mwenyewe, akaona ni michezo, na michezo ilishazinduliwa tangu uhuru, akaipitisha. Akawa anaifuatilia. Mheshimiwa naye akaipenda. Siku moja garini alituuliza, "Mtakuja wamefungwa tena?"

"Wamefungwa, Mheshimiwa."

"Wafukuze kocha."

Mimi sikuwa na shaka yoyote. Nilishangaa tu kidogo kuona mashabiki wa siku hizi ni wazee watupu, na kwamba wanakwenda kushangilia timu zao wakiwa na kadi za kliniki. Mzee Mtepa, ambaye maisha yake yote hakupenda mpira, sasa alikuwa anaamka na kuuliza, "Nani kapata goli leo?" na baada ya kujibiwa anavaa viatu.

Hatimaye siku ya uzinduzi ikapangwa. Ungefanyika katika Zahanati ya Songambele, ili Mheshimiwa akishafungua tovuti aonyeshwe na dawa yenyewe.

Sasa, mgeni rasmi haonyeshwi rafu tupu. Hilo si suala la sheria, ni suala la malezi. Mgeni akija nyumbani hata kuku wa jirani huchinjwa. Kwa hiyo, katika kuandaa siku ile, Wizara ilikusanya insulini yote ya wilaya, chupa kwa chupa, ikasafirishwa kwenye masanduku ya barafu na kupangwa katika friji moja refu lenye mlango wa kioo. Friji likawashwa, likang'arishwa, likafungwa utepe. Wahudumu wa zahanati nyingine, watu waaminifu, waliamka asubuhi wakabonyeza ukweli.

Na matokeo yakatoka: Songambele 1, wengine wote sifuri.

Walianza kufika jua halijachomoza vizuri. Walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, wengine wakiwa wamebebwa. Bwana Shaweji alipouona umati ule, machozi yalimtoka. Katika utumishi wake wote hajapata kuona wananchi waliokuja kwenye uzinduzi bila kuletwa na lori na bila kupewa fulana.

"Wanatupenda," aliniambia.

"Sana," nikasema.

Mheshimiwa alipanda jukwaani, akatazama umati, akaweka kando hotuba fupi na kuomba ile ndefu. Akaanza na chimbuko la utepe duniani. Nyuma yake palikuwa na skrini kubwa yenye tovuti iliyofunikwa, na kando yake friji. Mbele, kwenye kamba ya kuzuia umati, alisimama Mzee Mtepa na chupa ya maji iliyokwisha. Hakuwa amechoma sindano tangu jana. Alikuwa anayumba.

Skola, aliyewekwa karibu na skrini ili abonyeze atakapoamriwa, alimwendea Bwana Shaweji. "Mzee wangu, nakuomba. Baba achomwe sindano kwanza, hotuba iendelee."

"Binti, hiyo insulini haijazinduliwa."

"Lakini si ile pale, tunaiona?"

"Tunaona utepe," Bwana Shaweji alisema kwa upole.

Mheshimiwa alikuwa amefika kwenye mchango wa utepe katika kilimo pale Mzee Mtepa alipoinama akapita chini ya kamba. Alitembea polepole, mkono mmoja mbele, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Askari walidhani ni mzee wa kutoa shukrani, wakampisha. Alifika kwenye sinia lenye mto mwekundu, akauchukua mkasi wa sherehe, akaufungua na kuufunga.

"Mkasi gani huu?" alisema, na kipaza sauti kikamnasa. "Haukati hata kamba ya kaptula."

Akaurudisha kwenye mto. Akatoa mkasi wake mfukoni, ule wa cherehani, akaupapasa utepe wa friji kwa vidole na kuukata.

Mimi nilikuwa nimeshika kipaza sauti. Nataka ieleweke kwamba sikuwaza. Mkasi ulilia, na mdomo wangu wenye uzoefu ukasema, "Makofi tafadhali!"

Umati ulilipuka. Meza kuu ilipiga makofi, bendi ikapiga tarumbeta, na Mheshimiwa mwenyewe alipiga makofi kwa nguvu kabla hajakumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa anahutubia. Wote tulimtazama Bwana Shaweji.

Alikuwa amepauka. Maneno yalimtoka kwa maumivu. "Kanuni inasema," alinong'ona, "mgeni rasmi ni yule aliyekata utepe."

"Ifutwe," Mheshimiwa alisema.

"Hatuna utaratibu wa kukizindua kitu kinyumenyume, Mheshimiwa. Tukisema hiki hakikuzinduliwa, watauliza na vingine. Wataiulizia nchi yenyewe."

Basi nikatangaza. Nikasema mgeni wetu rasmi, fundi Mtepa, sasa ataketi. Alikalishwa kwenye lile sofa la mgeni rasmi lenye vitambaa vya kufuma, akafungua vifungo vya shati mbele ya wapiga picha wa serikali, na muuguzi akamchoma sindano tumboni. Skola alipiga magoti kando yake akamshika mkono. Alikuwa analia waziwazi, na baba yake akamwambia aache kumlowanisha.

Nyuma yao kamba ilikuwa imeshalala chini. Mama mmoja akadai zamu yake. Bwana Shaweji, ambaye mikono yake haijui kazi nyingine, alishafunga utepe mpya, na mama akapewa mkasi wa fundi akakata. Nikamtangaza. Makofi. Akafuata babu mmoja, akafuata kijana aliyebebwa na kaka zake. Washika utepe walichoka, na mtu pekee aliyebaki bila kazi alikuwa Mheshimiwa Waziri. Akashika ncha moja, Bwana Shaweji nyingine, nami nikaendelea kutangaza mgeni rasmi mmoja baada ya mwingine.

Kisha akafika mama muuza vitumbua, mnene, ana kidonda mguuni kilichofungwa kitenge. Alikata utepe wake vizuri. Friji likafunguliwa. Lilikuwa tupu. Nyuma yake watu walikuwa bado wengi, mpaka barabarani, na hakuna aliyepiga makofi. Skola alibonyeza, utepe uliofunika tovuti ukatoweka, na skrini kubwa nyuma ya jukwaa ikawa nyekundu yote.

Yule mama alilitazama friji. Akamtazama Mheshimiwa, ambaye alikuwa bado ameshika kipande cha utepe.

"Mimi ndiye mgeni rasmi?" aliniuliza.

"Ndiye, mama."

"Na mgeni rasmi huwa anatoa agizo?"

"Agizo la mgeni rasmi hutekelezwa papo hapo," Bwana Shaweji alijibu, akiwa amefumba macho.

"Haya," mama alimwambia Mheshimiwa. "Weka hicho kitambaa chini, baba, panda gari lako, nenda kalete insulini nyingine. Sisi tunakusubiri hapahapa."

Na Mheshimiwa Balozi Mstaafu Daktari wa Heshima Fulgensi Makwinya, ambaye hajapata kukiuka itifaki hata siku moja, alipanda gari akaenda, tena kwa king'ora.